Dole Gumba Chini ya Dirisha

Fundi lipu alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe husema hata sokoni bei huulizwa na kikapu chake, si yeye. Lakini asubuhi ile alivaa shati lake la kwendea mazishini, akatangulia kituoni, mkewe nyuma, na basi likawapandisha milimani hadi ule mji mkongwe wa kando ya mto, ambao watu huuendea ili wapige picha daraja la mawe.

Yeye daraja hakulitazama. Alitafuta nyumba ya ghorofa jirani na kinu cha zamani. Marehemu baba yake, naye fundi lipu, ndiye aliyeipiga lipu, mwanawe akiwa bado anatambaa. Mzee alikuwa na desturi yake: akimaliza kazi, hubonyeza dole gumba chini ya dirisha, lipu ingali mbichi. Nyumba zake nyingine zote zilishavunjwa. Ilibaki hii tu.

"Hodi," akabisha.

"Baba watoto, hodi hiyo hata paka hasikii," mkewe akamcheka.

Akagonga kwa ngumi. Akatokea bibi mmoja, upawa mkononi. "Makumbusho ni kule chini, wageni. Hapa tunaishi watu."

Siku nyingine angeomba radhi na kugeuka. Leo hakuondoka mlangoni. "Shikamoo, mama. Sikuja kutazama mji. Nimekuja kumtazama baba yangu." Akamweleza habari ya lile dole, jasho likimtoka.

Bibi akaitazama mikono yake iliyochunwa na saruji. "Haya, pita. Ila kabati utalisogeza mwenyewe, mimi mgongo sina."

Nyuma ya kabati, alama ilikuwepo. Fundi akatia dole lake mle ndani; likaenea. Kisha akagonga pembeni, na ukuta ukalia kama kopo tupu. Unyevu wa mto ulikuwa umeila lipu kwa ndani. Masika moja tu, na alama ingeanguka na kifusi.

"Mama, chokaa na mchanga napata wapi?"

"Duka la pale darajani. Kwani vipi?"

"Nitaziba pembeni. La mzee siligusi." Alikwisha kunja mikono ya shati, na kutoka mfukoni akachomoa mwiko wake wa kazi, ambao hauachi hata harusini.

"Na basi la mwisho?" mkewe akauliza.

"Liende. Lipu haikimbizwi."

Mke akamgeukia bibi. "Mama, lete huo upawa nikusaidie kupika. Huyu akishapata sauti, leo tunalala hapa."