Kuosha Tangi la Pikipiki ya Muuguzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika injini. Msimamizi wa karakana ya pikipiki za serikali mjini Kakamega, mwanamume mrefu aliyezungumza polepole, alinipa tangi tupu la mafuta na kuniambia nilitikise karibu na sikio.

"Unasikia nini?"

"Kama mchanga, bwana."

"Huo si mchanga. Hiyo ni tangi yenyewe inajikula. Utaiosha mpaka inyamaze."

Ninyi vijana mnaoona pikipiki kila kona mnaweza kudhani kazi hiyo ni ndogo. Kutu huanza pikipiki inapoegeshwa muda mrefu na mafuta nusu. Nafasi iliyobaki juu hujaa hewa, baridi ya usiku huitoa jasho, na chuma huanza kumenyeka. Magamba hayo hushuka hadi kwenye koki, kile kibomba cha kufungulia mafuta, na kuziba chujio lake. Yaliyo laini hupenya hadi kwenye kabureta, mahali mafuta yanapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Hapo pikipiki hukohoa, hasa mlimani, kisha huzima.

Kuosha kwenyewe kulikuwa hivi. Tulimwaga mafuta yote mbali na moto, tukang'oa koki na kuziba tundu lake kwa mpira. Tulitia maji ya moto na sabuni ya unga, halafu tukadumbukiza mnyororo mkuukuu wa baiskeli. Msimamizi hakutaka kusikia habari za kokoto.

"Kokoto inavunjikanga," alisema. "Unatoa uchafu huu, unaacha mwingine. Mnyororo ukishika ncha moja unatoka wote."

Baada ya hapo ni kutikisa mpaka mabega yaume, kumwaga, na kurudia, hadi maji yaliyotoka kama chai ya rangi yawe meupe. Kutu sugu tuliilaza na siki, kisha tukasuuza kwa maji ya magadi, yale yale ya kulainishia mboga, ili kuua ukali wa siki. Mwisho tulianika tangi juani, na likishakauka tulilizungusha na mafuta kidogo ya injini ndani ili kutu isirudi.

Nilipokwisha kukomaa katika kazi, nilihamishiwa Likuyani. Nilikwenda peke yangu. Mke wangu Rispa alikuwa mwalimu, akabaki na watoto nyumbani kwetu Amalemba, pembeni mwa mji wa Kakamega. "Siwezi kuwaacha wanafunzi wangu njiani," aliniambia, nami nilimwelewa.

Likuyani ni nchi ya mahindi. Yakirefuka, hata nyumba ya jirani huioni. Karakana ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya ofisi, na fundi nilikuwa mimi tu. Jioni nilisonga obusuma, ugali wa mtu mmoja, nikala nikitazama ukuta. Kuna siku neno langu la kwanza lilikuwa la kumfukuza jogoo wa watu mlangoni.

Asubuhi moja Sista Beatrice, muuguzi wa zahanati, alifika akisukuma pikipiki, viatu vimejaa matope.

"Fundi, imenizimia tena. Puliza tu hiyo bomba niende. Kuna mama anajifungua huko chini mashambani."

Nilifungua koki. Mafuta yalitoka mekundu.

"Sista, nikipuliza itakufikisha mtoni, halafu ikuache hapo."

"Sasa huyo mama nimwambie angoje?"

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta. Nikaivuta, nikamwambia apande.

Alikaa nyuma, mkoba wake wa dawa kifuani. Penye utelezi tulishuka tukasukuma huku tunakimbia. Tulipofika aliingia ndani, nami nikabaki uani na mume wa yule mama, aliyekuwa akipukuchua hindi bila kulitazama. Kilio cha mama kilikoma. Mume akaacha kupukuchua. Kisha mtoto akalia.

Sista alitoka mikono ikiwa imelowa hadi kwenye viwiko. "Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni," alisema. "Tungechelewa kidogo, fundi..."

Tuliporudi nilianza kuosha lile tangi. Yeye alikataa kwenda kupumzika. Alishika upande mmoja, nami mwingine, tukalitikisa pamoja. Lilipokuwa likikauka aliketi juu ya kreti, akanieleza habari za mama yake na jinsi anavyoogopa radi. Tangu hapo akawa anapitia kunywa chai akitoka kazini. Hapakuwa na la kuficha. Rispa alimjua, na kila niliporudi kazini kutoka nyumbani alinipa ndizi nimpelekee.

Halafu naye akahamishwa. Alikuja kuniaga juu ya pikipiki ile ile.

"Sikia vile inanguruma," alisema.

"Iko sawa, Sista."

Nilitaka kusema zaidi ya hayo. Aliingia barabara ya katikati ya mahindi, nikamsikia kwa muda mrefu hata baada ya kutomwona tena.

Nilimaliza utumishi nikarudi Amalemba, nikidhani sasa nitaishi na mke wangu. Rispa aliugua, tukamzika kabla sijazoea kukaa nyumbani. Watoto wako Nairobi. Hupiga simu Jumapili, nami huwaambia niko salama.

Juzi nilikuwa langoni nikasikia bodaboda ikikohoa. Nikanyoosha mkono. Kijana akasimama.

"Mzee, twende?"

"Tangi yako ina kutu. Ukiiacha hapa nitaiosha, sitaki kitu."

Akacheka kwa upole. "Hii hukohoanga tu, mzee. Unaenda wapi?"

Sikuwa naenda popote. Nikamwambia mjini, nikapanda.

Njia nzima niliinamisha kichwa nikiisikiliza. Kwenye mlima nilingoja izime, maana ningeshuka nimwonyeshe penye kasoro. Haikuzima. Tulifika stendi, kijana akanishika kiwiko nisijikwae, kisha akamgeukia abiria mwingine. Nikasimama kidogo, watu wakinipita kushoto na kulia, halafu nikaanza kurudi Amalemba kwa miguu.