Gari la Upepo Ukweni

Nianze na aibu yenyewe, tuimalize mapema. Mama mkwe wangu alinikuta kwenye uwanja wake, mchana kweupe, nimepiga magoti, viwiko chini, makalio yameelekea kule alikotokea yeye, napuliza kwa mdomo gari la karatasi. Wala sikuwa nacheza na mtoto. Mtoto alikuwa ndani, hajamaliza hata wiki tangu azaliwe. Nilikuwa peke yangu na gari langu, mtu mzima, na ndevu zangu.

Kwa asiyejua mambo ya huku kwetu, mama mkwe si mtu wa kukuona hata ukiwa umevaa shati bila vifungo. Mkikutana njiani wewe ndiye unayepisha. Unaingia majanini, unachuchumaa, unatoa shikamoo huku unaangalia chini kama uliyedondosha kitu. Huli naye, humpi mkono, na akiwa na neno na wewe anampa mtu mwingine akufikishie, hata kama umesimama hapo hapo na unasikia kila kitu. Sasa huyo ndiye aliyeona nilichokuwa nakionyesha siku ile.

Mimi natengeneza pikipiki na baiskeli Nachingwea, nyuma ya soko. Shule niliishia kidato cha pili. Watu wakiniuliza kwa nini, nasema walimu walichoka mapema kuliko mimi. Kazi ipo, hasa pikipiki zinazotoka Kilimarondo, maana ukiifungua tu unakuta nusu ya barabara imo ndani. Ila kuna siku mkono unakuwa mtupu, na siku moja ya namna hiyo nilikuwa naangalia simu nikaona video ya watu wamelala chali ndani ya kitu cha magurudumu matatu. Juu kuna tanga kubwa kama shuka la kitanda cha sita kwa sita. Wanakimbia kwenye uwanda mkavu, hakuna injini, hakuna mafuta, upepo tu. Niliirudia mpaka bando likakata.

Huku kiangazi upepo tunao. Mwezi wa nane upepo huo unaokota ndoo ya mke wako unampelekea jirani. Nikaona wote huo unapita bure na mimi nimekaa.

Shida ni kwamba sijui kuchomelea. Niliwahi kujaribu mara moja kuchomelea stendi ya pikipiki ya mteja, na nilipomaliza stendi ilikuwa haikunjuki tena. Fundi wa kuchomelea ni rafiki yangu, yuko Ruangwa mjini, anatengeneza mageti na madirisha. Tulisoma darasa moja mpaka nilipotoka, yeye akaendelea. Nikampigia.

"Nataka unitengenezee gari la upepo."

"La nini?"

"La upepo. Lina tanga, lina tairi tatu, linakwenda lenyewe."

Nikasikia grainda inazimwa.

"Umekula leo?"

"Nimekula."

"Haya, nisikilize mwanangu. Mimi chuma nakijua, upepo siujui. Nitengenezee kwanza la karatasi, dogo, lenye vipimo. Nikiliona kwa macho yangu linakwenda kwa upepo, nachomelea. Lisipokwenda, usinitajie tena habari hiyo mpaka tuzeeke. Nina mageti ya watu hapa."

Basi, kila kitu kikaangukia kwenye karatasi. Hakuna fundi mwingine angenisikiliza, na mimi nilikuwa nalitaka lile gari mno. Nimeanza vitu vingi maishani, vilivyofika mwisho unaweza kuvibeba mfukoni na bado ukapata nafasi ya kuweka mkono.

Bahati nzuri skeli naijua. Ndiyo mada ya mwisho niliyofundishwa kwenye jiografia kabla sijaondoka, kwa hiyo haikupata kitu cha kuifunika. Mafundi wote huku tunapima kwa futi na inchi, nikasema inchi moja ya karatasi iwe futi moja ya chuma. Gari litakuwa na urefu wa futi kumi, basi inchi kumi. Upana wa nyuma futi tano, inchi tano. Mlingoti futi kumi na mbili. Nikachora nyuma ya kalenda ya zamani, na mchoro ulikuwa mzuri kiasi kwamba niliutundika ukutani nikawa naupita makusudi.

Fremu nikaitengeneza kwa mfuko wa saruji. Ule mfuko una karatasi ngumu kwa tabaka, ukiizungusha kwenye msumari mrefu na kuipaka gundi unapata bomba lisilopinda. Magurudumu nikakata maboksi ya sabuni, miduara mitatu mitatu, nikaibandika pamoja ikawa minene. Ekseli ni spoku ya baiskeli ndani ya mrija wa soda, ili izunguke bila kukwama. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo, kama wanavyobandikia wengi. Usiku wa kwanza panya wakala gurudumu la mbele. Likabaki limeumwa umwa kama andazi. Nikatengeneza lingine, na tangu hapo gari likawa linalala ndani ya ndoo yenye mfuniko, mimi nalala kwenye godoro la kawaida.

Tanga nalo lilikuwa karatasi, ya ile laini ya kufungia zawadi, maana ya saruji ilikuwa nzito, inavuta mlingoti. Nikamkata na dereva. Kwa skeli nilitakiwa niwe na inchi tano na nusu, urefu niliufuata, lakini tumbo nililiacha nje ya hesabu.

Kulijaribu ndiko kulikonitoa jasho. Upepo wa kwanza nyuma ya soko ulilipindua. Nikalisimamisha, likapinduka. Wauza mbogamboga wakaacha kuita wateja, wakawa wanashangilia kila likianguka. Mama mmoja wa mchicha akaniuliza, "Fundi, hilo linatembea kwa ubavu?" Nikakaa nalo chini nikafikiri mpaka nikaelewa: gari nimelipunguza, dereva nimempunguza, ila upepo haujapunguzwa na mtu. Wenyewe unakuja mzima mzima. Ikabidi nikate tanga, nipunguze mlingoti, niongeze upana wa nyuma mpaka inchi sita na kitu, halafu nimlalishe dereva na nati ya pikipiki chini ya mgongo wake. Kila badiliko nililifanya pale pale kwa mkasi. Ule mchoro wa kwenye kalenda ukabaki ukutani kama picha ya marehemu, mtu mwingine kabisa.

Mwisho likakimbia. Lilitoka kwenye benchi langu mpaka kwenye mafungu ya nyanya, limesimama wima. Yule mama wa mchicha akapiga kigelegele. Niseme ukweli, nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Wakati huo mke wangu alikuwa Ruangwa kwao, amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Ndiyo desturi, mimba ya kwanza binti anarudi kujifungulia kwa mama yake, na anakaa mpaka arobaini iishe. Nilikuwa na ruhusa ya kwenda kumwona mtoto. Nikaona safari moja nimalize yote mawili. Nikalifunga gari ndani ya boksi, nikalijaza pamba ili lisicheze, boksi nikalifunga nyuma ya pikipiki, nikaondoka asubuhi taratibu kama niliyebeba mayai.

Kwa wakwe nikafika, nikamwona mtoto. Amefanana na mimi, maskini. Baba mkwe alikuwa ameondoka alfajiri kupulizia mikorosho dawa, na mama mkwe, mke wangu akaniambia, ameenda mashineni kusaga. Nikamfuata rafiki yangu. Karakana yake imejaa vipande vya chuma na mabaki ya kuchomelea, nikaliweka gari chini, tairi zikazunguka mara moja, likakwama. Akaangalia huku na huku.

"Hapa halipiti. Uwanja wa kwa mkweo umefagiliwa kama sinia. Twende tukamalizane."

"Kwa mkwe?"

"Si umesema hayupo?"

Hilo ndilo kosa. Mtu yeyote wa kwetu angeniambia: uwanja wa mama mkwe hauchezewi, awepo asiwepo. Lakini nililitaka lile gari, na uwanja kweli ulikuwa laini.

Tukafika, nikaliweka katikati. Rafiki yangu akasimama na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Tukasubiri. Hakuna jani lililotikisika. Mwezi wa nane wote upepo unaezua mabati, siku hiyo ukakaa kimya kama nimeudai.

"Halijaenda," akasema.

"Subiri."

"Nimeacha mtu na geti lake."

"Dakika moja tu kaka."

"Ungekuja na bomba la kupulizia mikorosho ungekuwa umeshamaliza." Akacheka mwenyewe. Halafu akaangalia saa kwenye simu, nikajua anaondoka, na akiondoka ndiyo basi.

Ndipo nikapiga magoti. Nikapuliza. Gari likasogea kama hatua moja, likasimama. Nikalifuata kwa magoti, nikapuliza tena, likasogea.

"Hayo ni mapafu," akasema. "Mimi nilisema upepo."

"Ona linavyoteleza! Ona tairi!" Nikapuliza tena, nikalifuata. Nikasikia amenyamaza. Nikadhani limeanza kumwingia. Kumbe alikuwa ameshamwona mtu anayekuja nyuma yangu, na rafiki wa kweli angekohoa.

Aliyekohoa ni mama mkwe.

Nikageuza shingo. Amesimama kwenye kona ya jiko, ndoo ya unga kichwani, upande wa kanga ameuvutia usoni, anaangalia paa la nyumba. Mimi siwezi kusimama, maana nitakuwa nimesimama mbele yake. Siwezi kubaki nilivyo. Nikageuka nikiwa chini chini nikachuchumaa, nikasema shikamoo kuiambia ardhi.

"Marahaba," akaliambia paa.

Na hapo ndipo upepo ukaja. Sijui ulikuwa umejificha wapi. Tanga likajaa, gari likainama kidogo, likakaa sawa, halafu likaondoka. Likapita kwenye miguu ya rafiki yangu, likakata uwanja wote, moja kwa moja mpaka miguuni kwa mama mkwe. Likagusa ndala yake likasimama. Tanga linapepea.

Hakuna aliyesogea. Mimi siwezi kwenda kuliokota pale. Yeye hawezi kuniletea. Rafiki yangu angeweza, ila alikuwa ameuma midomo na machozi yanamtoka kwa kicheko alichokizuia.

Mama mkwe akatua ndoo. Akainama, akaliokota kwa mikono miwili, taratibu, akalizungusha akaliangalia tairi, akamwangalia na dereva. Kisha akaita kuelekea ndani, kwa sauti ya kunifikia mimi:

"Mwanangu! Mwambie baba mtoto ahsante. Gari la mjukuu wangu nimelipokea. Hii ni kazi ya mikono, si ya dukani."

Akaingia nalo.

Ndani nikasikia mke wangu, ambaye alijua vizuri gari lile ni la nini, anacheka mpaka mtoto akaamka.

Baadaye nikamnong'oneza dirishani amwambie mama yake kwamba lile gari si zawadi. Akasema, "Nimwambie nini? Kwamba mume wangu amekuja kumwona mtoto mikono mitupu, ila ana gari lake la kuchezea?" Nikamwomba basi apime kwa uzi, upana wa nyuma na urefu wa mlingoti tu. Akasema, "Mimi mzazi, nimefungwa tumbo, unanituma nikapime matairi?" Na gari lenyewe lilikuwa limeshatundikwa kwa uzi juu ya kitanda, linazunguka, na mama mkwe amekaa chini yake anawaonyesha majirani waliokuja kumpongeza. Kitu mama mkwe alichokupokea mbele ya watu hukidai. Hata ukiwa na sheria, hukidai.

Nikarudi karakana nimeinamisha kichwa. Rafiki yangu alikuwa ameshavaa miwani yake ya kuchomelea. Akaipandisha kwenye paji la uso.

"Vipimo umeviandika wapi?"

"Vilikuwa kwenye gari."

"Mchoro?"

"Mchoro ni wa gari lingine."

Akatikisa kichwa. Nikaanza kufunga boksi tupu kwenye pikipiki. Nilijua kitakachofuata: nisimtajie tena mpaka tuzeeke. Nikapiga kiki, pikipiki ikawaka, na yeye akaja akashika usukani, akainama sikioni kwangu ili nimsikie.

"Ukitengeneza hilo la pili, nyuma panua zaidi," akasema. "Ule upepo ulivyolipiga, tairi la kulia lilinyanyuka, nililiona. Na fremu ya chuma usiipangie bomba la inchi moja, sina. Nina la robo tatu."