Jozi za Njiwa Ninazodaiwa na Bibi wa Kihagara

Siku ile sebuleni kwetu Maguu tulikuwepo mimi Osmund, mdogo wangu Skola ambaye ndiye aliyekuwa anaposwa, mama yetu mdogo Filomena aliyekuja kusimamia jiko, Mzee Augustino wa Kihagara kule ziwani ambaye ni baba mkubwa wa kijana anayeposa, bibi yake kijana huyo, na Shomari mwenye duka la vitambaa Mbinga mjini, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Nawataja wote mapema ili asitokee mtu mwingine akasema naye alisikia kwa masikio yake, maana mpaka leo kila ninayekutana naye gulioni anadai alikuwepo, na kama wangekuwepo wote hao sebule yangu ingepasuka. Tulikuwa sita tu. Kwa aibu niliyoipata, sita walitosha kabisa.

Na paka wa jirani. Naye alikuwepo, ila yeye hakuaibika.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikashika jembe na mikahawa ya baba, na wadogo zangu watatu wakakua huku majirani wakisema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika vizuri kabisa: "Watoto wanaolelewa na mtoto mwenzao, adabu wataitoa wapi?" Neno hilo lilinikaa kooni miaka yote. Baba mdogo wa Mkumbi alikuja msibani, akala, akaondoka na baiskeli ya baba, hatukumwona tena. Kwa hiyo nyumba ile baba alikuwa mimi, mama alikuwa mimi, na fimbo ya kuwachapa wakisema neno baya nilikuwa nayo mimi.

Starehe yangu ni moja tu, njiwa. Walipoanza kuja wanunuzi binafsi wa kahawa na magari yao mpaka shambani, msimu mmoja mzuri nikanunua simu ya kupangusa, na Shomari (naye anafuga njiwa juu ya paa la duka lake, wateja wanalalamika) akaniingiza kwenye kundi la mtandaoni la wafugaji wa njiwa, watu wa milimani na watu wa ziwani pamoja, tunatumiana picha za mikia na kuulizana dawa za mafua ya ndege. Basi siku moja mwanachama mmoja aliibiwa dume lake akaporomosha maneno kundini, na binti wa mwanachama mwingine, mtoto wa darasa la nne, akayasoma kwa sauti mbele ya wazazi wake kwa sababu alikuwa anajifunza kusoma haraka. Mama mtu alitaka kuitupa simu jikoni. Tukakubaliana kwamba kundi ni la familia, tunahitaji kanuni ya lugha.

Kanuni niliitunga mimi, kwa kuwa ndiye niliyechaguliwa mwenyekiti. Anayetukana analipa jozi ya makinda kwa kila tusi, na anayelipwa ni yule aliyesikia akakereka. Watu wakalalamika: "Sasa mwenyekiti, mtu na shemeji yake wataongeaje? Babu na mjukuu je?" Nikaona wana haki, nikaongeza kwamba penye utani wa ukoo hapahesabiwi. Nikajiona nina hekima kama hakimu. Mzee Augustino, ambaye alikuwa kundini kabla hata sijajua ana mtoto wa ndugu yake anayemtazama Skola kanisani, alinisifu sana siku ile. Alisema mtu mwenye ulimi safi namna hii amelelewa vizuri. Nilisikiliza ujumbe wake huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Sasa siku ya posa yenyewe. Asubuhi nikaenda bandani na bakuli la mahindi, nikaona ni vyema nitume nasaha kundini, kwamba leo ni siku ya familia yangu, baadhi yenu mko njiani kuja kwangu, tuchunge ndimi zetu. Mikono ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikatumia ule mtindo aliokuwa amenifundisha Skola, unasukuma kidole juu halafu simu inaendelea kurekodi peke yake. (Uamuzi huo mdogo ndio ulioniponza. Ningeweka bakuli chini tu! Bakuli lina uzito gani?) Nikaisimamisha simu kwenye ubao wa banda, nikazungumza vizuri sana, sauti ya mwenyekiti kabisa, na nilipokuwa namalizia nikamwona paka wa jirani ameingia kwa nyuma, yuko kwenye kiota cha makinda niliyopanga kumzawadia Mzee Augustino siku hiyo hiyo.

Nikapanda ngazi. Paka akaruka. Ngazi nayo ikaona afadhali iondoke, na mimi nikatua ndani ya pipa la maji ya kumenyea kahawa, yale yaliyolala na maganda mpaka yakaanza kutoa povu. Anayejua harufu ile sina haja ya kumweleza, na asiyeijua Mungu amemhurumia.

Niliyoyasema pipani sitayaandika hapa, maana kuna watoto. Niseme tu kwamba nilianza na paka, nikaenda kwa mama yake paka, nikapita kwa aliyemfuga, nikarudi kwa paka, na nikahitimisha kwa kumwambia amekuja kama wageni wa ziwani, mkono mtupu na tumbo wazi.

Mama mdogo akapiga kelele kutoka jikoni, "Osmund! Gari lao liko pale kona!" Nikatoka pipani, nikaishika simu, nikaona bado inahesabu. Nikabonyeza alama ya pipa la taka kwa kidole chenye ute wa kahawa, kile kitu kikapotea kwenye kioo, nikashukuru. Nikarekodi upya nasaha fupi, safi, nikaituma, nikakimbia kubadili suruali. Kwetu mtandao unapatikana sebuleni tu, karibu na dirisha, kwa hiyo sikujua ni kitu gani hasa kilikuwa kinasubiri kwenda.

Wageni wakaingia. Shikamoo zikapigwa, bibi akakaa, wakaweka mlangoni kapu kubwa la dagaa wakavu. Nikasimama na kuanza hotuba, nikasema nyumba hii haina mali lakini ina adabu, na simu ya Mzee Augustino ikalia. Alikuwa amekaa dirishani.

"Samahani mwenyekiti," akasema, akiisogeza mbali na macho. "Naona sauti yako hapa kundini."

"Ni nasaha, baba. Fungua tu."

"Si tutakukatiza?"

"Fungua, baba. Ongeza sauti na bibi asikie."

(Niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Hakuna aliyenilazimisha.)

Sauti ikaanza. Bibi akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akamgusa Skola goti, "Kaka yako anajua kusema." Halafu nikasikia njiwa wakikoroma kwenye ile simu, nikasikia bakuli likianguka, nikajua asubuhi sikubonyeza pipa la taka, nilibonyeza alama ya kutuma.

Mzee Augustino hakujua kuizima. Alipoibonyeza ilisimama, alipoibonyeza tena ili ahakikishe imezimika ikaanza upya kutoka kwenye nasaha, kwa hiyo tukasikiliza tena kuhusu kuchunga ndimi, tena na njiwa, tena na paka na ukoo wake wote, mpaka kwenye tumbo wazi. Shomari alijaribu kumnyang'anya, mzee akadhani anaibiwa, akaikumbatia. Mama mdogo alikuwa amefunika uso wake kwa kanga, na Skola alitazama sakafu tu.

Bibi ndiye aliyezungumza kwanza. "Mkono mtupu," akasema. Akageuka kutazama mlangoni. "Na lile kapu ni la nani?"



Mzee Augustino akasimama, akachukua kofia yake. "Tuliambiwa nyumba hii ilijilea yenyewe," akasema taratibu, na afadhali angefoka. "Tukasema hapana, tusihukumu, tukaone. Tumeona."

Skola akainua macho akanitazama mimi, si wao. Huyo ni mtoto niliyemfunga vifungo vya sare kila asubuhi, na kilichokuwa kinatoka mlangoni na ile kofia ni ndoa yake.

Shomari hakuwa mshenga wa bure. "Ngojeni jamani, ngojeni! Kanuni si tunayo? Osmund ni kaka wa binti. Kwa kijana wetu, kaka wa binti ni nani? Ni shemeji! Na shemeji ana utani. Mwenyewe ndiye aliyeiandika! Basi yale si matusi, ule ni utani wa shemeji umewahi kidogo tu, kabla ya ndoa. Kaeni mle kuku."

Mzee Augustino akafikiri. Nikaona mdomo wake unalegea, alikuwa anatafuta njia ya kucheka. "Kama ni shemeji," akasema, "mimi sina neno. Namcheka, yamekwisha." Akakaa. "Ila mambo ya posa hatuyazungumzi na shemeji. Mwiteni baba wa binti. Kama yuko mdogo wa marehemu, tutamfuata huko huko."

"Yuko Mkumbi," Shomari akadakia, ameshafurahi.

Yaani mlango ulikuwa wazi kabisa. Niseme neno moja, shemeji, nisamehewe kila kitu, na baba mdogo apande gari aje kukaa kwenye kiti changu, apokee salamu za binti ambaye hajui hata alikuwa anaogopa nini usiku. Nilikuwa nanuka kahawa iliyooza. Mama mdogo akaninong'oneza, "Sema ndiyo, mwanangu, yaishe."

"Baba wa Skola ni mimi," nikasema.

"Basi hapa hakuna utani," mzee akasema. "Ni matusi ya mkwe kwa wakwe."

"Ni matusi. Naomba radhi. Nitalipa kwa kanuni."

Bibi akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili zenye ute. "Hesabuni," akasema. "Fungua tena hiyo simu."

Jamani, waliifungua tena. Nikasimama mbele yao kama mtahiniwa, wakasikiliza tusi moja moja, Shomari akikunja vidole. Akajaribu kunitetea kwamba la mama yake paka lisihesabiwe kwa kuwa mama yake paka hayumo kundini.

"Na mimi simo kundini," bibi akamjibu, "lakini nimesikia na nimekereka. Kunja kidole."

Vidole vya Shomari vya mkono mmoja vikaisha akahamia mkono wa pili, na karibu uishe nao. Jozi tisa. Bibi akasema zote zije kwake Kihagara, halafu akamwambia Skola, "Leta maji tunawe. Nyumba hii ina baba. Mdomo wake mbaya, lakini yupo."

Wakala. Skola akaolewa, yuko ziwani, ana mtoto wake. Na mimi tangu siku ile sijarekodi kitu mikono ikiwa na mzigo. Nashikilia kidole kwenye simu mwanzo hadi mwisho, nimesimama wima, mbali na ngazi, na nikimaliza naisikiliza kwanza peke yangu.

Jozi saba zimeshashuka Kihagara ndani ya boksi, kidogo kidogo kadiri wanavyoangua. Zimebaki mbili, na bibi naye ameingia kundini, amejifunza kutuma sauti (Skola huyo huyo kamfundisha, ndugu yangu wa damu!), basi kila nikifungua kundi namkuta mbele ya watu wote: "Mkwe, njiwa wangu wako wapi?"

Juzi makinda ya jozi ya nane yalikuwa tayari, boksi nimeshalitoboa matundu, naingia bandani namkuta paka yule yule anapangusa masharubu. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikamwambia, "Karibu tena," nikaenda kumwarifu bibi kwamba bado wanaatamia.