Chai ya Mgeni Haina Ushuru

Kwenye kaunta ya leseni mjini Wote, mama mmoja wa Kilungu anayekodisha vyumba viwili alikuwa karibu kuvifunga. Karani alikuwa amemwandika mwenye hoteli, na ushuru wa hoteli ungemshinda.

"Unawapa wageni chai asubuhi. Hiyo ni hoteli."

"Chai siuzi, kijana yangu. Wewe ukilala kwangu nikuuzie chai, mama yako nitamwambia nini?"

Foleni ikaangua kicheko. Karani alifunua kanuni, akakuna shingo, kisha akakata neno "hoteli" kwa rula na kupiga muhuri. Tukapiga makofi.

Mimi nilikuwa nyuma ya mama huyo kwenye foleni na fomu ya shangazi, ambaye naye hukodisha vyumba kwa wageni, kanuni nimezikariri kwa hofu. Nikasema kabla sijaulizwa: "Shangazi huongeza na chapati."