Fataki Alizoniletea Jirani

Nilipokuwa mkimbizi Tanzania nilimfanyia kazi mzee aliyekuwa na kibali cha bastola. Risasi zake za kulengea shabaha alizijaza mwenyewe, na alinifundisha kuchagua fataki, kile kidude kidogo kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti. Ya bastola na ya bunduki zinaweza kulingana ukubwa, lakini ya bunduki ni kali zaidi.

Niliporudi kwetu Rumonge nilianza kuchomelea vyuma, nikadhani mambo hayo nimeachana nayo. Mwaka jana akaja jirani yangu, muuza mawese, mjane aliyeibiwa dukani mara mbili. Alileta maganda matupu ya risasi za bastola na kopo la fataki.

"Fundi, nimejaribu moja, imeingia vizuri. Nijazie tu."

Nilizisogeza fataki mlangoni kwenye mwanga. Zilikuwa za bunduki. Nikamwambia zinaweza kumpasukia mkononi, na hata zingekuwa za bastola nisingemjazia, kwa sababu hana kibali.

"Sasa nifanye nini? Mimi siko nalala, fundi."

Alikuwa mtu wa tatu kuniomba hivyo, na nimechoka kuwa na ujuzi unaokumbukwa na watu wenye hofu tu. Aliondoka na kopo lake, nami sikuwa na nguvu ya kubishana.

Kesho yake nilimpelekea mlango wa chuma wa duka lake. Tuliufunga pamoja mpaka adhuhuri. Alipolijaribu komeo alinishukuru kwa lugha yetu, "Murakoze," kisha akakaa chini kizingitini akalia.