Farasi Aliyefungwa Nje

Sinema za kaboi nilizianzia Karama, nilipokuwa kazini Uarabuni, na wala si kwa mapenzi. Televisheni ya chumba chetu ilishika stesheni chache, na Ijumaa mchana, siku yetu ya mapumziko, mojawapo ilionyesha mfululizo wa zamani, picha nyeusi na nyeupe, maandishi ya Kiarabu chini. Tulikuwa wanawake wengi kuliko chumba kilivyoruhusiwa: sisi wa Mombasa, mmoja wa Unguja, na binti wa Kiganda aliyetoroka kwa madam wake. Pasipoti yake ilibaki kwa kafeel, mwajiri aliyemdhamini. Aliogopa kitu kimoja tu, kurudishwa nyumba ile, na makovu ya moto mkononi mwake tuliyaona sote.

Ijumaa hiyo kipindi kilikuwa kizuri, sikatai. Mjane anaishi peke yake jangwani. Mgeni anakuja mbio, anatafutwa, mjane anamficha chini ya mbao za sakafu. Mara sherifu huyo mlangoni. Hapo ndipo palipokuwa na utamu: hakuna muziki, hakuna bastola. Mjane anakanda unga, sherifu anazungumza habari za mvua, na sisi huku tumeshikana mikono. Binti alikuwa amejifunika leso mpaka machoni.

"Dada, atamwona?" akaniuliza.

"Nyamaza, tutazame."

Lakini ubaya wake sasa! Farasi wa mgeni alikuwa amefungwa nje, palepale mlangoni, na tandiko mgongoni, na sherifu alikuwa amempita kama hana macho. Nikawaka, maana mdomo wangu hauna breki.

"Ebo! Upuuzi gani huu? Umfiche mtu, farasi wake umwache nje? Na sherifu mzima asimwone? Wametufanya wajinga!"

Yule wa Unguja, mkubwa wetu, akacheka. "Nenda ukawatungie wewe basi."

Mlango ukagongwa.

Nikachungulia kwenye tundu. Alikuwa mkaguzi wa vyumba vilivyojaa watu, kalamu mkononi. Binti akajitupa kabatini, wengine wakakimbilia chooni na jikoni. Nikafungua mimi, kwa sababu chumba kiliandikwa kwa jina langu na la yule wa Unguja.

Nilipoinamisha macho, roho ikanitoka. Viatu! Tuliswali kwenye zulia lile lile tulilolalia, kwa hiyo kiatu kuingia ndani kwetu ilikuwa haramu kabisa. Vyote vilikuwa pale nje, vimepangwa ukutani, ndara kwa makubadhi, na mbele kabisa raba nyeupe za binti, zile za watumishi wa majumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyezikumbuka.

"Sister, mnakaa wangapi?"

"Wawili, sir. Mimi na dada yangu."

Akavitazama viatu. Akavitazama tena, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuma yangu kabati likalia, na nikajua amelisikia kama nilivyolisikia mimi. Niliogopa mpaka nikasahau dua ninazozijua tangu utoto. Akainua mguu kunisogelea, akaziruka zile raba nyeupe asizikanyage.

"Kesho nakuja na wenzangu," akasema kwa sauti ya chini. "Tutafungua kila mlango. Tuwakute wawili, inshallah."

"Inshallah, sir."

Nilipofunga, nilikaa chini palepale. Kumbe yule sherifu wangu kipofu huenda naye farasi alimwona. Televisheni ilikuwa imeshafika kwenye tangazo la sabuni.

Jioni hiyo hiyo wenzetu wakatawanyika kwa jamaa, na binti naye akaondoka. Kulikuwa na wenzake wa kanisani mtaa wa Rashidiya, wakakubali kumpokea. Alishuka ngazi pekupeku, raba zake kifuani, anaogopa hata mlio wa soli, nami nilimtangulia kwenye kila kona nikiangalia kama kuna mtu. Kwenye lango la treni ya metro akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Dada, yule mgeni wa kwenye sinema. Alitoka salama?"

"Alitoka," nikamwambia. "Alipanda farasi wake akaenda zake. Wallahi, nimemwona kwa macho yangu."

Akavaa viatu, akaingia. Simu yake haikupatikana tena, na mwisho wa kipindi kile mpaka leo sijauona.