Sikio la Maalim
Zamani maalim wa Mjambere alikuwa akitawadha uani huku mwanafunzi wake Barke akimsomea Qurani chumbani, na kila akikosea, kata iligonga mtungi: ko! Rudia. Sikio la kushoto la maalim lilikufa kwa surua utotoni. La kulia ndilo lililowasomesha wanafunzi wote. Uvimbe ulipoota kwenye neva ya sikio hilo, wanawe walimpeleka Ulaya, ukapigwa miale. Miaka mitatu sasa, barua za madaktari zasema uvimbe umelala. Sikio nalo likalala. Maalim hutembea akipapasa ukuta kwa kizunguzungu, hukaa uso kwa uso na msomaji akiitazama midomo. Leo Barke aliteleza, akatamka “kalb”, mbwa, mahali pa “qalb”, moyo. Akaingoja ile ko. Maalim akatabasamu: “Mashallah, mwanangu! Leo hukukosea hata herufi.”